Mwizi Aliyeibiwa

Mwezi wa Julai mwaka 1788, mwizi mmoja alikwenda mahakamani kulalamika kwamba ameibiwa. Jina lake Henry Kable. Aliandamana na mkewe, Susannah Holmes, ambaye naye alikuwa amehukumiwa kwa wizi, na waliyemshtaki hakuwa mfungwa mwenzao bali nahodha wa meli. Mji ambamo kesi hiyo ilisikilizwa ulikuwa haujatimiza nusu mwaka tangu mti wa kwanza ukatwe. Leo tunauita Sydney, nchini Australia. Siku hizo ulikuwa mahema, vibanda na ghala, na wengi wa wakazi wake walikuwa wameletwa pale kwa sababu ya kuiba.

Sijui koloni jingine ambalo mwizi, mlinzi na mwenye mali walikaribiana kiasi hicho, mara nyingi wakiwa mtu yule yule mmoja. Ndiyo maana nawasimulia habari zake, wanangu. Tuanzie kule walikotoka.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kitanzi, na mengi yalihusu mali. Aliyevunja nyumba ya mtu usiku akaiba, anyongwe. Aliyeiba ndani ya nyumba vitu vya thamani ya shilingi 40, anyongwe. Msishangae sana ukali huo kabla ya kujua sababu yake: London haikuwa na jeshi la polisi hadi mwaka 1829. Wezi wengi hawakukamatwa kamwe, kwa hiyo wakubwa waliitegemea hofu. Wachache waliopatikana walinyongwa mchana kweupe mbele ya umati, ili wengine watazame na kutetemeka.

Lakini raia walioitwa mahakamani kuamua kesi walikuwa na mioyo. Mara nyingi, walipomwona mshtakiwa ni mtoto au mama fukara, walitamka kwamba vitu alivyoiba vina thamani ya shilingi 39, hata kama kila aliyekuwamo chumbani aliona vinazidi. Ilipunguzwa shilingi moja, shingo ya mtu ikapona. Aliyeponea hivyo, au aliyesamehewa na Mfalme, alipelekwa ng'ambo kufanya kazi kwa miaka 7, au 14, au maisha. Kwanza walipelekwa Marekani. Wamarekani walipopigania uhuru wao kuanzia mwaka 1775, njia hiyo ikafungwa, na wafungwa wakarundikwa ndani ya meli kuukuu zilizotiwa nanga mitoni na bandarini. Meli hizo zilipojaa, serikali ikachagua pwani ya mbali ambayo Kapteni James Cook alikuwa ameipitia mwaka 1770, akaiita New South Wales.

Ngoja niwaonyeshe watu wenyewe, maana ukisikia "wezi 700" huoni sura yoyote.

Mmoja alikuwa mvulana, John Hudson. Alifikishwa mahakamani London mwezi Desemba 1783. Nyumba moja ilikuwa imeingiwa, zikachukuliwa shati la kitani, soksi za hariri, bastola na aproni mbili, na mwizi aliacha alama za vidole vya miguu vyenye masizi. Hakimu alimuuliza umri: miaka tisa. Kazi? Wakati mwingine hufagia dohani, yaani hupanda ndani ya bomba la moshi na kukwangua masizi. Wazazi? Wamekufa. Tangu lini? Hajui. Hakimu alisita kumtia hatiani mtoto kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe, akamwondolea kosa la kuvunja nyumba lililokuwa na kitanzi, lakini la kuiba likabaki: miaka saba ng'ambo. Alipopanda meli ya kwenda New South Wales alikuwa na miaka 13. Katika msafara huo huo alikuwamo msichana wa rika lake, Elizabeth Hayward, aliyeiba gauni la kitani na kofia ya hariri.

Mwingine alikuwa huyo Henry Kable wetu. Mwaka 1783 yeye, baba yake na rafiki yao walivunja nyumba kijijini katika jimbo la Norfolk. Watatu wote walihukumiwa kunyongwa. Baba akanyongwa, na rafiki akanyongwa. Henry alisamehewa kitanzi akapewa miaka 14. Akiwa katika gereza la ngome ya Norwich alikutana na Susannah, msichana aliyeiba nguo na vijiko vya fedha katika nyumba ya mtu, naye pia akiwa ameponea kitanzi. Wakapendana humo humo. Mwaka 1786 wakazaa mtoto wa kiume. Waliomba ruhusa ya kuoana, wakakataliwa.

Kisha ikaja amri: Susannah apelekwe bandari ya Plymouth tayari kwa safari, Henry abaki. Mlinzi wa gereza aliyewasindikiza wanawake hao aliitwa John Simpson. Walipofika, nahodha wa meli ya wafungwa alimpokea Susannah, lakini mtoto akamkataa kwa kuwa hakuwa na karatasi yake. Mama akanyang'anywa mwanawe anayenyonya. Sasa fikirini: Simpson angeweza kumwacha mtoto kwa yeyote na kurudi zake. Hakufanya hivyo. Alipanda gari la farasi na mtoto mapajani hadi London, akaenda moja kwa moja kwa waziri mwenyewe, Lord Sydney, akambana mpaka akamsikiliza. Alitoka na amri ya kwamba mtoto arudishwe kwa mama yake na baba naye aende pamoja nao. Akarudi kumchukua Henry, akawakutanisha watatu. Magazeti yalieneza habari hiyo, watu wakaguswa, zikachangwa pauni 20. Kwa fedha hizo familia ilinunuliwa nguo na vitu vingine vya kuanzia maisha, vikafungwa kwenye furushi na kupakiwa katika meli iitwayo Alexander, huku wao wenyewe wakipanda nyingine. Likumbukeni furushi hilo.

Meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth tarehe 13 Mei 1787. Zilipita Tenerife, zikavuka hadi Rio de Janeiro, zikarudi upande wetu wa bahari na kutua Cape Town, walikonunua mifugo, mbegu na miche. Miezi minane baada ya kuondoka, tarehe 26 Januari 1788, Gavana Arthur Phillip alipandisha bendera katika hori ndogo lenye maji baridi, akalipa jina la waziri yule yule: Sydney.

Phillip alifanya jambo lililowaudhi askari wengi. Aliagiza posho ya mfungwa iwe sawa na ya askari, isipokuwa pombe tu. Kwa wiki mwanamume alipata kama kilo tatu za unga au biskuti ngumu, kilo tatu za nyama ya ng'ombe ya chumvi au pungufu ya kilo mbili za nguruwe, na mbaazi kavu na siagi kidogo. Mwanamke alipata theluthi mbili ya hiyo. Chakula chote kilitoka katika ghala moja, nalo lilijazwa na meli zilizotoka upande wa pili wa dunia. Mbegu nyingi zilikuwa zimeharibika safarini, udongo wa pale horini ulikuwa dhaifu, na wakulima miongoni mwa wafungwa walihesabika. Posho ilitolewa ya siku nyingi kwa mkupuo mmoja. Wengine waliila yote katika siku tatu, wengine waliicheza kamari, wengine walikuwa na unga bila sufuria ya kupikia.

Nyumba nazo hazikuwa nyumba za kumzuia mtu. Zilikuwa vibanda vya fito vilivyokandikwa udongo na kuezekwa matete, na mvua kubwa ikinyesha ukuta unayeyuka. Mchana kutwa wenyewe wako kazini, kukata miti au kufyatua matofali. Kuvunja kibanda hakukuhitaji nguvu wala ujuzi. Kilichopotea ni shati, blanketi, sufuria, kipande cha nguruwe kilichofichwa kwa ajili ya Jumapili, na kabichi bustanini kabla haijakomaa. Kwa mtu mwenye mali, hayo ni mambo madogo. Kwa mtu mwenye shati moja, kuibiwa shati ni kuibiwa vyote alivyo navyo, na ndiyo maana simchukulii kirahisi mdokozi wa Sydney hata ninapomhurumia: aliyemwibia alikuwa maskini kama yeye.

Gavana alijaribu kwanza dawa ya Uingereza. Tarehe 27 Februari 1788, mwezi mmoja tu baada ya kutua, kijana Thomas Barrett alipatikana na hatia ya kuiba siagi, mbaazi na nyama ya nguruwe ya ghala. Jioni ya siku hiyo hiyo alinyongwa kwenye mti, wafungwa wote wakiwa wamekusanywa kutazama. Barrett alikuwa na mikono ya fundi. Meli zilipokuwa Rio de Janeiro alighushi sarafu kutokana na vifungo vya mikanda na vijiko, na nishani ya fedha inayoonyesha meli ya Charlotte ikielea baharini, ambayo leo inatunzwa katika jumba la makumbusho mjini Sydney, inaaminika kuwa kazi yake. Mji uliokuwa na njaa ya mafundi ukamnyonga fundi kwa ajili ya mbaazi.

Wenzake waliohukumiwa naye walisamehewa. Siku chache baadaye mfungwa mwingine, James Freeman, aliyehukumiwa kifo kwa kuiba unga, alipewa hiari ya ajabu: anyongwe, au awe mnyongaji wa koloni. Akachagua kuishi.

Mnadhani wizi ulikoma? Mwenye njaa hana miiko. Watu waliendelea kuiba.

Sasa turudi kwenye kesi yetu. Henry na Susannah walikuwa wamefunga ndoa tarehe 10 Februari, miongoni mwa wafungwa wa kwanza kuoana katika koloni. Walipolidai furushi lao kutoka Alexander, waliletewa vitabu tu. Nguo zote hazikuonekana. Wakamshtaki nahodha wa meli hiyo, Duncan Sinclair. Kwa sheria ya Uingereza, mtu aliyehukumiwa kifo, hata akisamehewa kitanzi, alihesabika kama maiti machoni pa mahakama. Hamiliki mali, na hawezi kumshtaki mtu. Nahodha angeweza kabisa kusimama na kusema hawa ni maiti, nyamazisheni kesi. Jaji David Collins, afisa wa jeshi ambaye hakuwa amesomea uanasheria, aliwasikiliza hata hivyo, na karatasi za shauri hazikuwaita wafungwa. Mahakama ikaamua Sinclair awalipe pauni 15. Kesi ya kwanza ya madai katika koloni lile ilifunguliwa na wezi wawili, wakashinda.

Napenda mwone uzito wake. Mtu anayeambiwa kwamba hawezi kuibiwa, kwa kuwa hana haki ya kuwa na kitu, atalinda nini cha mwenzake? Siku ile Kable alipata zaidi ya pauni 15. Alipata mali inayolindwa na sheria ile ile iliyomnyonga baba yake.

Mwaka uliofuata ulionyesha kwamba wizi haukuwa wa wafungwa peke yao. Asubuhi moja ya Machi 1789, kufuli la ghala lilikutwa na kipande cha ufunguo kilichovunjikia ndani. Kipande kilipelekwa kwa mhunzi, naye mfungwa, akakitambua mara moja: askari mmoja aliyeitwa Hunt aliwahi kumletea ufunguo huo aurekebishe. Hunt alipobanwa akataja wenzake. Kumbe askari saba walikuwa na njama ya miezi mingi. Kila mmoja wao alipopangiwa lindo la ghala usiku, aliwafungulia wenziwe, wakaingia na kubeba unga, nyama na pombe, na doria ilipopita ilikuta mlango umefungwa vizuri na mlinzi amesimama. Siku za mwizi ni arobaini. Hunt aliponea kwa kuwa shahidi, na sita wakanyongwa. Walionyongwa walikuwa ndio waliopewa bunduki ili wawazuie wezi wasiibe.

Basi nani alinde? Jibu lilitoka kwa mfungwa aliyeitwa John Harris. Alipeleka pendekezo kwamba wafungwa wenyewe walinde mji usiku, na mwezi wa Agosti 1789 Gavana akakubali. Walichaguliwa 12 wenye mwenendo mzuri, mji ukagawanywa sehemu nne, kila sehemu watu watatu. Ninyi mnaotoka vijiji vyenye sungusungu mtaielewa kazi yao bila maelezo: kuzunguka usiku kucha, kumsimamisha kila anayetembea baada ya ngoma ya kulala, kuuliza anatoka wapi na amebeba nini. Waliruhusiwa kumkamata hata askari. Walipomkamata kweli, Meja Robert Ross, mkuu wa askari, alikasirika kwamba mfungwa amemgusa mtu wa Mfalme, na Gavana akalazimika kupunguza amri hiyo. Hata hivyo wizi wa usiku ulipungua sana. Collins aliandika baadaye kwamba mitaa mingi ya London haikulindwa vizuri kama mji ule. Hii ilikuwa polisi ya kwanza ya Australia, na ilikuwa ya wezi.

Henry Kable naye aliingia katika kazi hiyo, akawa konstebo mwaka 1791 na baadaye mkuu wa makonstebo wote. Msidhani alikuwa malaika. Mwaka 1802 alifukuzwa kazi kwa kununua nguruwe kutoka melini kinyume cha sheria. Lakini alifanya biashara, akawa na sehemu katika meli za kuwinda sili, akazaa na Susannah watoto wengi, akafa mzee mwaka 1846.

Siyo kila mtu njaa ilimwachia nafasi kama hiyo. Kulikuwa na mtu mmoja mweusi, John Caesar, ambaye yaelekea alizaliwa Madagaska au visiwa vya Karibi. Alikuwa mtumishi Uingereza, akahukumiwa mwaka 1786 kwa kuiba pauni 12. Alikuwa jitu la miraba minne, na Collins anakiri kwamba hakuna mfungwa aliyefanya kazi kwa bidii kumshinda. Tatizo lilikuwa tumbo. Posho ilipimwa sawa kwa kila mtu, na Caesar alikula ya siku mbili kwa siku moja. Akaiba chakula, akaongezewa kifungo cha maisha. Akatorokea porini na bunduki na sufuria, akakamatwa. Akafungwa minyororo kisiwani kulikokuwa na bustani za mboga, akaiba mboga. Akatoroka tena kwa mtumbwi, akarudi akiwa amechomwa mikuki. Adhabu haikumtisha, na sioni jinsi ambavyo ingemshibisha. Mwisho alikimbilia msituni na kuishi kwa kunyang'anya, hadi Januari 1796 ikatangazwa zawadi ya galoni tano za pombe kali kwa atakayemleta. Mwezi uliofuata alipigwa risasi akafa.

Katikati ya hayo ulikuja mwaka 1790, mwaka mbaya kuliko yote. Meli ya Sirius ilivunjika mwambani mwezi wa Machi, na posho ikakatwa tena na tena. Phillip alitoa unga wake binafsi ukaingia ghala la wote, na aliyealikwa kula kwake alikwenda na mkate wake. Bustani ziliibwa usiku, na wezi wa mboga walichapwa viboko vingi mno. Ilipofika meli ya chakula mwezi wa Juni, na mavuno yalipoanza kutoka huko Parramatta bara, ndipo udokozi wa chakula ulipopungua.

Wizi wa vitu vingine uliendelea, na wakati mwingine kwa ujanja. Mwaka 1796 Robert Sidaway, aliyeletwa kama mfungwa, alifungua ukumbi wa michezo ya kuigiza. Kiingilio cha viti vya bei ndogo kilikuwa shilingi moja, au unga au nyama ya thamani hiyo. Mji mzima ukafurahi, na wezi wakafurahi zaidi: walijua nyumba gani haina mtu jioni hiyo. Huyo Sidaway mwenyewe aliwahi kuvunjiwa nyumba mwaka 1789, na mwanamke aliyemwibia nguo, Ann Davis, ndiye mwanamke wa kwanza kunyongwa katika koloni. Mfungwa alimwibia mfungwa, na kitanzi kikamaliza.

Hadi hapa nimesimulia kana kwamba pwani ile ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Hori la Sydney lilikuwa la Wagadigal, na pande zote za ghuba kulikuwa na koo nyingine. Waliacha mikuki, mishipi ya kuvulia na mitumbwi yao ya magome ya miti ufukoni, wakaenda zao, na wakirudi walivikuta. Wafungwa waliviona kuwa mali isiyo na mwenyewe. Waliviiba na kuwauzia mabaharia, waliotaka vitu vya kigeni vya kwenda kuonyesha nyumbani. Phillip alikataza, lakini waliendelea. Mei 1788 wafungwa wawili waliokwenda kukata matete waliuawa, na ilisemekana walikuwa wamechukua mtumbwi wa wenyeji. Mwezi wa Julai, wenyeji wenye mikuki waliwakuta Waingereza wakivuta juya ufukoni, wakajichukulia samaki. Waingereza waliandika kwamba wameibiwa. Lakini ghuba ilikuwa ya nani, na samaki aliyekuwa chakula cha watu wale majira yote alianza lini kuwa wa mwenye juya?

Machi 1789 wafungwa 16 waliacha kazi ya matofali wakaenda na marungu kupora vifaa vya uvuvi vya wenyeji wa ghuba iitwayo Botany Bay. Walipigwa, mmoja akauawa, saba wakajeruhiwa. Waliorudi wazima Phillip aliamuru wachapwe mbele ya Arabanoo, mwenyeji aliyekuwa amekamatwa na kuwekwa mjini, ili aone kwamba sheria ya Kiingereza ni ya haki. Arabanoo aliona, akachukia na kuogopa. Baadaye, amani ilipopatikana mwishoni mwa 1790 na wenyeji wakaanza kuingia mjini, mfungwa mmoja alikamatwa kwa kuiba vifaa vya kuvulia vya mwanamke mwenyeji, Daringa. Wenyeji wakaitwa tena kutazama. Daringa, mwenye mali, akaangua kilio. Barangaroo, mwanamke jasiri ambaye hata Gavana alimjua kwa ukali wake, alishika fimbo akamjia juu yule anayechapa.

Wanawake hawa ndio walioibiwa, na ndio waliotaka adhabu isimame. Kwa desturi zao mkosaji alisimama na ngao mkononi akikabili mikuki ya aliowakosea. Damu ikitoka, neno limekwisha. Nadhani kumfunga mtu mikono na kumchana mgongo hadi nyama ionekane, kwa sababu ya mishipi, halikuwa jambo waliloweza kuliita haki. Miaka zaidi ya 230 imepita, na mimi nikisoma habari ile bado nasimama upande wa Barangaroo.

Wizi mkubwa kuliko wote haukusikilizwa na Jaji Collins. Huko Parramatta alipewa ardhi James Ruse, mfungwa aliyewahi kuhukumiwa kifo Uingereza kwa kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha. Alilima vizuri, akajilisha mwenyewe, na akapata hati ya kwanza ya ardhi katika koloni: ekari 30. Ruse alistahili pongezi kwa jasho lake. Lakini ardhi ilikuwa ya wenyeji wa pale, Waburramattagal, na hakuna aliyewauliza wala kuwalipa. Kwa saa mbili, kitanzi. Kwa ekari 30, hati yenye muhuri. Wazo hilo, kwamba ardhi ya wenyeji ni ya Taji la Uingereza na Taji humgawia limtakaye, lilikuja hadi kwetu Afrika Mashariki: kwa Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915, Mwafrika wa Kenya alifanywa mpangaji katika shamba la babu yake.

Australia ilichukua muda mrefu mno kulisikiliza shauri hilo. Eddie Koiki Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer kaskazini mwa nchi, alianza kesi na wenzake mwaka 1982. Alifariki Januari 1992, na tarehe 3 Juni mwaka huo Mahakama Kuu ikatamka kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi yao kabla ya Waingereza kuja, na kwamba haki hiyo haikufutwa na bendera ya mwaka 1788. Sheria ya kuitekeleza hukumu hiyo ilipitishwa mwaka 1993. Lakini hukumu yenyewe ilisema pia kwamba pale serikali ilipokwisha kutoa hati ya umiliki kamili kwa mtu binafsi, haki ya wenyeji imezimika. Sehemu kubwa ya Sydney na Parramatta iko chini ya hati za namna hiyo, zikiwamo ekari za Ruse, kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwa njia hiyo. Njia nyingine iliyopo ni sheria ya jimbo la New South Wales ya mwaka 1983, inayoyaruhusu mabaraza ya wenyeji kudai ardhi ya Taji isiyotumika, na Sydney ina baraza lake linalotumia sheria hiyo.